Nilikodi taa ya kichwani Moshi, ikanizimikia mlimani

Nimengoja hasira zipoe ndipo niandike, naona hazina mpango wa kupoa, basi naandika nazo hivyohivyo. Duka silitaji. Lipo Moshi mjini, linakodisha vifaa vya kupandia mlima, na makundi mengi ya kwenda Kilimanjaro kwenye sherehe za Uhuru hupitia pale au kwa majirani zake. Taa ina mwanga kiasi gani, inastahimili mvua kiasi gani, hayo yako kwenye boksi lake, kasomeni huko. Mimi nina jambo moja tu: taa ya kukodi iliyonizimikia usiku wa kwenda kileleni, na kijana wa kaunta aliyenicheka niliporudi nayo.

Tulikuwa kundi la kazini, tukapanda kwa njia ya Marangu, Desemba moja isiyo mbali sana. Njia hii wengine huiita Coca-Cola kwa dharau, ati ni laini, ati mnalala kwenye vibanda wakati wenzenu wa Machame wanalala kwenye mahema. Dharau hizo huishia Kibo, kituo cha mwisho cha kulala kabla ya kilele. Mandara, mita 2,720, bado mnapiga stori na kupigana picha. Horombo, mita 3,720, mtu anatafuta mtandao ampigie mama yake. Kibo, mita 4,720, hakuna stori. Ugali haupiti, supu unaimeza kwa kulazimishwa, unajilaza jioni na nguo zote mwilini, na kabla ya saa sita usiku mnagongewa mlango muondoke.

Kuondoka usiku si mbwembwe. Ile changarawe ya juu ya Kibo ikiganda kwa baridi unaikanyaga inakaa. Jua likishaipiga, kila hatua mbili unazopiga moja inakurudisha. Halafu mkitoka kileleni mna safari ya kushuka mpaka Horombo siku hiyohiyo, kwa hiyo lazima muanze mapema. Maana yake ni kwamba kutoka Kibo hadi Gilman's Point, mita 5,685, karibu mita 1,000 za kupanda tu, unazipanda gizani. Tena kiongozi wako anakuangalia usoni kwa taa, anakusemesha, anatazama kama miguu inakwenda mrama, maana ugonjwa wa kimo mara nyingi hujionyesha hivyo kabla wewe mwenyewe hujajijua. Ukiniuliza kifaa kimoja cha kutochezea usiku ule, nitakujibu taa. Viatu navyo, sawa. Lakini taa.

Dukani nilikodi jaketi, fimbo, begi la kulalia, na kitu walichokiita kifurushi cha dharura: taa, filimbi, na lile blanketi jembamba la kung'aa. Kijana alikuwa anachezea simu, mswaki wa mti mdomoni. Nikamuuliza kuhusu betri. Akasema hii ni ya kuchaji, imejaa, inakaa usiku mzima. Nikamwambia sawa, nipe na za akiba. Akanitazama kama mtu aliyetoka kijijini jana.

"Dada, hii haifunguki. Ni ya kisasa."

Alilisema kwa fahari. Taa ambayo betri yake haitoki, unayoipeleka mahali ambapo umeme wa kuchajia ni wa kubahatisha, na hiyo ndiyo sifa yake! Nilipaswa kumjibu palepale, lakini gari lilikuwa linatungoja na mwenzetu mmoja alishaanza kupiga honi ambayo si yake.

Horombo kiongozi wetu alituambia kila chenye betri kilale nasi ndani ya begi, mwilini. Nikalala na simu, nikalala na taa. Horombo nimelala nayo, Kibo nimelala nayo. Nalisema hili mapema kwa sababu najua kuna watu watanijia na somo la betri na baridi. Somo ninalo.

Juu ya Pango la Hans Meyer, pale njia inapoanza kwenda kwa kona kona, taa ikakonyeza. Ikarudi. Ikakonyeza tena, ikafifia ikawa ya njano, halafu giza. Kitufe chake kiko ubavuni, kidogo kama punje ya mtama. Nikavua glovu kwa meno nikakibonyeza. Kikalia tik, basi. Nikakibonyeza nikakishikilia. Hakuna. Vidole vikaanza kuuma, kisha vikaacha kuuma, na huko juu vidole vikiacha kuuma hiyo si nafuu. Nyuma yangu watu wamesimama, mmoja anatapika pembeni, upepo unapiga, mbele naona mstari wa taa za wenzangu unazidi kupanda bila mimi.

Kiongozi, mzee wa Kimarangu wa rika la baba yangu mdogo, alishuka hatua chache akanishika mkono.

"Mwanangu, rudisha glovu kwanza. Taa baadaye."

Nikairudisha. Akafungua jaketi, akafungua la ndani yake, akaingiza mkono mpaka kifuani, akatoa soksi ya mtoto mchanga imefungwa fundo. Ndani yake betri ndogo, zile za kununua kwa Mangi yeyote mwenye kiduka cha mtaani. Akavua taa yake kichwani, ya plastiki, mkanda wake umeshonewa kwa uzi mweusi, akaifungua mgongo na kubadilisha betri tatu gizani kwa kupapasa tu, akanivisha. Yeye akakaa mbele yangu akatembea kwa mwanga wangu. Yaani mwanga wake. Mpaka alfajiri hakugusa kipande cha jiwe vibaya.

Wala siyo miujiza. Betri ya kuchaji ya lithiamu ikipoa sana, mambo ya ndani yake yanakwenda taratibu, volti inashuka, na taa inajiona haina chaji. Chaji ipo, imegoma. Kulala nayo kunakusaidia mpaka unapoivaa. Ukishaifunga kwenye paji la uso juu ya kofia, inapigwa na upepo kwa muda wa saa kadhaa, joto lote ulilolitunza linakwisha. Ndiyo maana ziko taa za kichwani ambazo kasha la betri lina waya, unalitia ndani ya jaketi, kichwani inabaki taa peke yake. Ndiyo maana kuna watu huja na betri za lithiamu za kutupa, zisizochajiwa, ambazo watengenezaji wanasema zinafanya kazi hata nyuzi 40 chini ya sifuri. Na hata hizi za kawaida za dukani, ambazo baridi inazichosha haraka, ukiwa na akiba yenye joto kifuani unabadilisha, unaendelea. Ya kwangu hapakuwa na cha kubadilisha. Kuichomeka pawabenki palepale nako hakushauriwi, betri ya namna hiyo ukiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 unaweza kuiharibu moja kwa moja. Mtu anayekodisha vifaa vya Kilimanjaro, mlango wake unatazamana na mlima, hajui haya? Au anajua?

Kileleni nilifika. Mita 5,895, picha ninayo, machozi yameganda kwenye skafu. Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge pale Desemba 1961, naye alikuwa na akili ya kutokodi taa kwenye duka hili.

Tukishuka, tulipishana na wagumu, wapagazi wa mlimani, wakimshusha mtu kwenye ile machela ya gurudumu moja, amefungwa mikanda kifuani na mapajani, wanakimbia nayo wawili mbele, wengine nyuma, inaruka kwenye mawe. Sijui alikuwa na nini. Lakini nilitazama vifundo vyangu vya miguu, nikaanza upya kumfikiria kijana wa mswaki.

Sasa njooni dukani. Moshi, mchana, joto la kukutoa jasho umesimama. Nikaiweka taa kaunta, nikamweleza kwa utulivu kabisa, na wenzangu ni mashahidi. Akaichukua, akakibonyeza kitufe kwa kidole gumba.

Ikawaka. Pwaa! Kama haijawahi kukosea maisha yake.

Akanimulika usoni. "Mbona nzima, dada?"

Walikuwepo wateja wawili, wakacheka. Nikamwambia imewaka kwa sababu hapa ni Moshi, kuna joto, ungekuwa na mimi juu kule usingecheka. Akasema labda nilikuwa nimechoka, huko juu watu huona mambo. Huona mambo! Halafu akaleta ile inayoniuma mpaka leo: "Wazungu wanaondoka na hizi kila wiki, sijasikia hata mmoja analalamika." Kama vile malalamiko yangu yana bei ya mkazi na ya mgeni, sawa na kiingilio cha hifadhi.

Haikuishia hapo. Akaigeuza, akaona mkwaruzo pembeni mwa plastiki, mfupi hata kucha haujafika. Akanikata shilingi 15,000 kwenye dhamana yangu, ati uharibifu. Nikaomba kuonana na mwenye duka. Bosi hayupo. Nikaomba risiti ya hiyo 15,000. Mashine ina shida ya mtandao. Nikaomba anipe jina lake basi. Akaniambia niandike tu "kijana wa kaunta". Nimeandika.

Kwa hiyo nyota sifuri, na kama kuna chini ya sifuri nayo naitaka.

Ila. Nikiwa mkweli, na hapa ndipo panaponikera zaidi, lile begi la kulalia walilonipa ni zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kulalia, nikihesabu na kitanda changu cha Dodoma. Lilinukia sabuni. Zipu ilipanda mpaka kidevuni bila kung'ata kitambaa. Usiku ule wa Kibo upepo unalia kwenye bati, dada wa kitanda cha jirani, aliyekodi kwingine kwa bei ya chini, alikuwa anatetemeka mpaka mbao zinagongana. Mimi nilitoa mkono nje mara moja tu, kumpa soksi. Nyuma ya duka lile kuna binti anakaa na cherehani, ndiye anayefua na kurekebisha. Alinikabidhi begi akasema, "Hili nimelibadilisha zipu mwenyewe, halikusumbui." Halikunisumbua. Binti yule angepewa kaunta, na kijana akapewa ndoo ya kufulia, ningeandika mambo mengine hapa. Jaketi nalo sina neno. Fimbo, sawasawa.

Filimbi ya kile kifurushi ilikuwa nzima pia, na kiongozi alitufundisha kuitumia tukiwa Mandara: unapuliza mara sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika nzima, unarudia, anayekusikia anakujibu kwa mara tatu. Hakuna aliyehitaji, namshukuru Mungu. Blanketi la kung'aa lilichanika kwenye mkunjo tulipolijaribu Horombo kwa utani, na hata likiwa zima, linazuia joto la mwili lisiondoke juu tu. Ardhi inakunyonya kwa chini usipotandika kitu. Kifurushi cha dharura kizima, kilichofanya kazi ni filimbi.

Basi nikasema nyota mbili. Nikakaa nazo muda, hasira zikashuka kidogo, nikafika hata tatu, kwa ajili ya begi na yule binti. Nilikaribia kuandika kwamba duka ni zuri, tatizo ni mtu mmoja, na mtu mmoja asiharibie wengine riziki. Na kwa moyo huohuo wa kusamehe, wifi yangu alipopata safari ya kupanda baadaye, nilimsindikiza palepale.

Kijana yupo. Mswaki upo. Hakunikumbuka hata kidogo. Akampimia wifi jaketi, vizuri, akamletea begi la kulalia, vizuri, akainama chini ya kaunta akaja na kifurushi cha dharura. "Hii taa, dada, ni ya kisasa, inakaa usiku mzima."

Nikaichukua kabla wifi hajaishika, nikaigeuza. Pembeni mwa plastiki kuna mkwaruzo, mfupi hata kucha haujafika. Haujasuguliwa, haujazibwa, haujapakwa chochote. Ile 15,000 ya uharibifu iliharibikiwa wapi, hata sijui.

"Huu mkwaruzo ni wangu," nikamwambia. "Nimeshaulipia. Unaukodisha kwa ruhusa ya nani?"

Akakodoa macho. Wifi akanivuta mkono, ananong'ona tuondoke. Nikamwambia hatuondoki bila begi la kulalia. Tukalilipia begi na jaketi, taa tukaiacha kaunta, tukaenda kwa Mangi ng'ambo ya barabara kununua betri.