Vifuniko Angavu vya Kunyoosha Meno: Kabla ya Kulipa, Ulizia Vinundu

Malalamiko ninayoyapokea kutoka kwa wasomaji wa Mwanza, Musoma na Bukoba yanafanana: mtu amekataa nyaya za chuma kwa kuwa ameahidiwa vifuniko vya plastiki visivyoonekana, kisha siku ya kuvaa anabandikwa vinundu juu ya meno ya mbele, ambavyo muuzaji hakuvitaja hata mara moja. Kwamba vifuniko huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku na kubadilishwa kila baada ya wiki moja au mbili, kila tangazo husema, nami sitayarudia.

Vinundu hutengenezwa kwa kompoziti, nyenzo ileile yenye rangi ya jino inayotumika kuziba matundu, na kazi yake ni kuipa plastiki mahali pa kushika, kwani plastiki pekee huteleza inapojaribu kulizungusha jino la chonge. Kuvibandika, basi, si ulaghai. Ulaghai ni kuvificha. Kifuniko huvuliwa wakati wa kula, kwa hiyo vinundu hubaki wazi mbele ya chai ya rangi na manjano ya mchuzi wa sato, na kompoziti hushika rangi hizo. Tena hubanduka, na kinundu kikishabanduka jino hubaki nyuma ya mpango wa tiba. Aliyetibiwa Dar es Salaam au Nairobi atasafiri tena hadi huko kubandikiwa upya kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Waliokulia penye maji yenye floraidi nyingi, kama baadhi ya sehemu za Shinyanga, na ambao meno yao yana madoa ya kahawia, wamweleze daktari mapema, kwa sababu gundi hushika kwa shida zaidi kwenye meno ya namna hiyo.

Kati ya njia za kunyoosha meno, nafasi ya kwanza naipa Invisalign, chapa ya vifuniko ya kampuni ya Marekani ya Align Technology iliyoanzishwa mwaka 1997, wala sifichi upendeleo wangu: programu yake humwonyesha daktari kila kinundu kitakapokaa kabla kifuniko cha kwanza hakijatengenezwa, nawe una haki ya kuoneshwa mpango huo kwenye kioo cha kompyuta. Zinafuata Spark ya Ormco na ClearCorrect ya Straumann, na kati ya hizo mbili mchague daktari aliye karibu, si chapa. Nyaya za chuma ni za tatu kwenye orodha hii, ingawa kwa meno yaliyosongamana sana mara nyingi ndizo zinazofaa zaidi.

Vya bei rahisi, vinavyoagizwa kwa posta bila daktari kukutazama kinywa, viache. SmileDirectClub, kampuni ya Marekani iliyoviuza kwa njia hiyo, ilifunga shughuli zake Desemba 2023 na kuwaacha wateja katikati ya tiba.

Kinachoniudhi zaidi ni bei. Ukiuliza hadharani unaambiwa “njoo inboksi”, na huko unatajiwa dola, ilhali anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hulipwa kwa shilingi. Dai karatasi inayotaja idadi ya vifuniko, gharama ya kubandika upya vinundu, seti za marekebisho (vifuniko vya ziada meno yasipokaa sawa), na kazi ya kung'oa vinundu na kung'arisha meno mwishoni. Kifuniko cha kuyashikilia meno yasirudi yalikotoka nacho kiandikwe humo, kwa maana wauzaji wengi hukitaja baada ya fedha nyingine zote kulipwa.