TAHADHARI: Jamaa wa "plagi ya mbio", nimepigwa 35,000 mchana kweupe

Wanangu, naandika uso umenishuka. Mimi niliyemcheka Mudi mwaka mzima kwa kuuziwa kipande cha sabuni ndani ya kasha la simu, nimetoa shilingi 35,000 kwa plagi ya pikipiki, kile kidude cha kutoa cheche ya kuwasha injini, eti hii inaongeza mbio, na dukani, mpya, haifiki hata 10,000. Cheka Mudi, zamu yako.

Alikuja kijiweni pale Mbezi Jumanne, na msinihukumu kabla hamjasikia kwa nini nilimwamini. Kwanza tuliswali naye Adhuhuri, safu moja, bega kwa bega. Halafu mikono yake ilikuwa na grisi ya kweli, ile iliyokwisha kuingia chini ya kucha na haitoki kwa sabuni yoyote. Na hakuomba hela. Alikaa kwenye benchi, akanunua kahawa, nilipowasha chombo akainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua, akasema tu, "Hii inakula mafuta, mkubwa, na mlimani inakuonea." Sasa si mnajua pikipiki yangu inavyonitesa kwenye kile kilima cha Goba? Na mzee wa mkataba, mwenye pikipiki ninayempelekea hesabu ya kila siku, alivyonibana? Nikaona huyu kaletwa na Mungu.

Akafungua plagi yangu, akairudisha kwenye waya wake, akailaza juu ya hedi, kile kichwa cha injini, akaniambia piga kiki. Cheche ikatoka nyembamba, nyekundu, kama kiberiti kilicholowa. Akatoa ya kwake kwenye kitambaa. Kile kichuma cha mdomoni kilichokunjwa kama ndoano alikuwa amekikata nusu, kilichobaki kapiga tupa mpaka kinang'aa. "Hapa moto umefunguliwa njia," anasema. Nikapiga kiki: tap! Bluu, nene, unaisikia kwa masikio. Abuu akasema "mamaaa!" Tulikuwa watu wanne pale, hakuna aliyebisha, kwa hiyo hii aibu tugawane.

Akaifunga kwa spana ndefu, ameiegemea mwili mzima. Kisha akachukua bisibisi akagusa kabureta, eti analinganisha na moto mpya. Akagusa na waya wa mafuta, ule unaouvuta kwa mkono wa usukani. Nikaenda kujaribu hadi sheli na kurudi. Nyepesi! Ukigusa mkono tu inaruka. Nikahesabu hela bila hata kuomba apunguze. Mimi, ninayebishania mia mbili ya karanga.

Ijumaa nimembeba mama mmoja na ndoo yake ya dagaa, tunapanda Goba. Katikati ya kilima ikaanza kukohoa, ikalipua ekzosi mara mbili, kimya. Nikapiga kiki mpaka jasho likaingia machoni. Yule mama akashuka, akajitwika ndoo, akapanda kilima kwa miguu bila kugeuka nyuma. Nauli sikumdai.

Fundi wetu alipoifungua, plagi ilitoka na thredi za hedi, ile mikato ya skrubu inayoishika, zimejikunja kama maganda ya penseli. Ile spana ndefu hiyo! Akapima nafasi ya mdomoni. Pikipiki zetu nyingi ndogo zinataka milimita 0.7 au 0.8, hiyo ilikuwa imepita 1.5. Akanitazama akauliza, "Hivi kiberiti kikiwa kikubwa ndiyo wali unaiva haraka?"

Ndiyo naelewa sasa, hela imeshakwenda. Plagi inawasha tu. Nguvu iko kwenye mafuta na hewa, na zikishawaka vizuri plagi haina la kuongeza. Ile cheche nene ilikuwa ya hewani. Kule ndani hewa imeshindiliwa, cheche inaruka kwa shida, na ukiitanulia nafasi ndiyo unaiongezea kazi, koili inayoipa umeme wa cheche inateseka, ukibeba mzigo inakata. Plagi yangu ilikuwa na masizi tu, mpya yoyote ingetoa bluu ile ile. Na ule wepesi? Alipandisha sailensi, yaani kasi ya injini ikiwa inanguruma tu bila kuvuta mafuta, na kukaza waya wa mafuta. Wanangu, nimenunua sailensi kwa 35,000!

Kumtambua: ana mkoba mweusi, plagi kazifunga kwenye kitambaa chekundu, namba ya simu hatoi, anasema "mtanikuta hapa hapa". Maandishi ya kwenye kauri ameyafuta kwa msasa. Hili ningelishtukia mapema, maana namba ile ndiyo inayoonyesha urefu wa plagi na joto lake, na fundi anasema ukifunga yenye joto lisilofaa unaweza kutoboa pistoni. Kuna na jambo jingine alilifanya, nimelisahau, hasira zimenijaa.

Sisemi mumpige. Mshikeni, mpelekeni kituoni, niiteni hata saa nane ya usiku nitakuja kwa miguu. Lakini roho yangu inataka apewe pikipiki yenye plagi yake mwenyewe, apakiwe gunia mbili za mkaa, aambiwe panda Goba, mvua inanyesha, kila siku, mpaka irudi elfu yangu ya mwisho. Tapeli anayeswali na wewe kwanza ndipo akuibie, huyo ana adhabu mbili, moja ni ya hapa hapa.

Hedi iko kwa mkerezaji inatiwa bushi yenye thredi mpya. Hesabu ya siku mbili sijapeleka, kwa hiyo mkimwona mzee wa mkataba semeni nimesafiri. Na sasa hivi Abuu kanitumia sauti: jana kaonekana Kibaha, Maili Moja, anakunywa kahawa na madereva. Safari hii kitambaa ni cha kijani.