Taa ya LED ya urujuanimno, nanomita 365: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Niliinunua kwa kazi moja: kumulika nanowaya (nyuzi nyembamba mno) za oksidi ya zinki ndani ya chemba ya utupu, huku nikipima elektroni zinazochomoka kwenye ncha zake volti inapopandishwa. Kwa kazi hiyo naipenda kuliko taa ya zebaki niliyokuwa nayo.

Kinachonipendeza hasa ni wimbi lake. Pengo la nishati la oksidi ya zinki, yaani nishati ya chini kabisa ya kuifungua elektroni ndani yake, ni takriban elektronivolti 3.37, na fotoni (chembe ya mwanga) ya nanomita 365 hubeba 3.40. Inatosha kuifungua elektroni ndani ya fuwele, lakini kuitoa nje kabisa kunahitaji takriban 5. Ndiyo maana nikiondoa volti sipati mkondo wowote hata taa ikiwaka. Volti ikirudi, najua ninachopima ni elektroni zinazopenya kizuizi cha usoni pa nanowaya kwa nguvu ya uga wa umeme, wala hazikurushwa na mwanga. Zebaki ya nanomita 254 ilikaribia mno kiwango hicho, nami sikuwa na uhakika. Tena ilidai dirisha la kwatzi, maana kioo cha kawaida huumeza mwanga wake.

Shida yake ni joto. LED ikichemka, mwanga hupungua na wimbi hurefuka, na oksidi ya zinki huacha kufyonza vizuri karibu na nanomita 368. Nafasi ni finyu mno! Mwanzoni mkondo ulikuwa ukishuka taratibu, nikadhani nanowaya zinaungua. Nilitupa sampuli mbili nzima kabla sijagusa taa na kukuta haishikiki. Iliniuma sana. Sasa nimeifunga kwenye bamba la alumini lenye feni, nasubiri dakika ishirini ndipo napima, na grafu zangu za Fowler-Nordheim (za mkondo dhidi ya volti) hurudi zilezile.

Ukiizima na mkondo ukabaki juu, usiilaumu taa. Mwanga huibandua oksijeni iliyong'ang'ania uso wa nanowaya na kuzishika elektroni, na ndani ya utupu oksijeni ya kurudi ni haba. Mimi huacha hadi kesho yake.

Miwani ya kinga ni lazima, kwani jicho huona zambarau hafifu tu hata mwanga ukiwa mkali.

Kwa oksidi ya titani inafaa pia. Anayefanyia kazi nitridi ya galiamu, yenye pengo la 3.4, atafute ya wimbi fupi zaidi.