Kinoo cha kumalizia wembe wa kukunja: kipi kitangulie, kipi kingoje

Wembe ukivuta ndevu badala ya kuzikata, mtu hukimbilia kununua kinoo laini zaidi. Mimi nilikimbia hivyohivyo. Wembe wangu wa kwanza niliusugua jioni nzima kwenye kinoo cha 12000 (namba ni ya punje zake: ikizidi kuwa kubwa, punje zinazidi kuwa ndogo na kinoo kinazidi kuwa laini) mpaka ukingo ukameta kama fedha. Asubuhi yake ukaning'oa ndevu za kidevuni moja moja, machozi yakanilenga. Kinoo hakikuwa na kosa. Kule chini, kwenye 1000, pande mbili za makali hazikuwa zimekutana, kwa hiyo jioni nzima nilikuwa naung'arisha wembe butu.

Basi hesabu ya manunuzi ianzie huko. Kinoo cha 1000 ndicho kinachotengeneza makali. Cha 4000 au 5000 kinafuta mikwaruzo ya 1000, cha 8000 kinafuta iliyobaki, na cha kumalizia kinakuja kulainisha tu. Ukitoka 1000, wembe unatakiwa ukate vinyweleo vya mkono karibu kabisa na ngozi, kuanzia kisigino cha wembe, yaani upande wa mpini, mpaka ncha. Pakiwa na sehemu inayoteleza bila kukata, usipande kwenye namba inayofuata. Kama fedha inatosha vitu viwili tu, chukua 1000 na kile cha Norton chenye 4000 upande mmoja na 8000 upande wa pili. Wembe uliotoka kwenye 8000 na kupitishwa kwenye ukanda mzuri wa ngozi unanyoa. Kinachobaki ni raha ya shavu.

Kwa raha hiyo, nafasi ya kwanza naipa Naniwa 12000 ya Super Stone, kinoo cha kutengenezwa kiwandani. Sisemi ndiyo inayotoa makali bora kuliko zote, ila inatoa makali mazuri kila mara, hata mkononi mwa anayejifunza. Unainyunyizia maji unaanza, hakuna kuloweka. Ukiiloweka muda mrefu unaiharibu, maana punje zake zimeshikwa na resini, aina ya gundi iliyoganda. Tena inakusemesha: wembe ukilala sawasawa utaona maji yaliyotangulia makali yakipanda juu ya bapa badala ya kupita chini yake, na karibu na mwisho wembe unaanza kunata kwenye kinoo kama karatasi iliyolowa. Hapo simama. Ubaya wake ni ulaini. Ncha ikichimba kidogo tu, kinoo kimepata kovu, na utakutana nalo kila ukipita mpaka ukisawazishe.

Ya pili ni filamu za kung'arishia za 3M, ya mikroni 1 kisha ya mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ni plastiki nyembamba yenye punje za oksidi ya alumini, unaibandika kwa maji juu ya kioo kinene au kipande cha marumaru kilichonyooka. Haisawazishwi, na hilo peke yake linakupunguzia kazi nusu. Mwenye wembe mmoja au miwili hana haja ya kuanza na kitu ghali zaidi ya hiki. Ila usikandamize, inapasuka, na ikichakaa haifufuliwi. Makali yake ni makali kwelikweli, wengine huyaona yanauma kidogo shingoni. Weka karatasi ya kawaida iliyoloweshwa chini ya filamu, ukali huo unatulia.

Ya tatu ni coticule, na kwa hiyo ningeweza kuongea mpaka chai ipoe. Ni jiwe la asili, rangi ya malai, linalochimbwa Ubelgiji kwenye vilima vya Ardennes. Kinachokata ndani yake ni chembe za ganeti, madini magumu. Unalisugua kwa kijiwe cha aina yake mpaka litoe tope zito kama maziwa. Kwa tope hilo linakula chuma haraka. Halafu unaongeza tone moja moja la maji, tope linazidi kuwa jepesi na kazi inazidi kuwa laini, mpaka mizunguko ya mwisho unaipiga kwa maji matupu. Makali yanayotoka hapo hayana kelele. Unajua ndevu zimekatwa kwa kupapasa, si kwa kusikia. Mbona basi la tatu? Kwa sababu kila jiwe lina tabia yake, na mawili yaliyouzwa siku moja yanaweza kutofautiana kama ndugu. Langu lilinisumbua wiki kadhaa, na kosa lilikuwa langu: nilikuwa naharakisha kumwaga maji, tope linakwisha kabla ya kazi kwisha. Kama ngozi yako huwaka kila unaponyoa, puuza mpangilio wangu, anza na hili.

Shapton ya 16000, nayo ni kinoo cha kiwandani, iko nafasi ya nne. Ni ngumu, ni ya haraka, na haibonyei upesi, lakini mkono mzito hausamehewi, na shavu laini litalalamika. Anayenoa nyembe nyingi ataipenda kuliko mimi.

Dawa ya kijani, yaani oksidi ya kromiamu ya mikroni 0.5, naiweka ya tano kwa kuwa si kinoo. Inafaa kuurudisha wembe uliokuwa mzuri ukaanza kuchoka: mizunguko kumi juu ya ubao wa balsa, mti mwepesi, basi. Ukiipaka kwenye ngozi inayobonyea, makali yanaviringika taratibu bila wewe kujua. Na usiipake kwenye ukanda wako wa kila siku.

Mwishoni kabisa ni lile jiwe la asili la Kichina linalouzwa kwa jina la 12000. Namba hiyo ni ya kukadiria, ardhi haichekechi punje. Si takataka, linamaliza vizuri, ila litakudai mizunguko mia na zaidi. Bei yake ndiyo inayolitetea.

Ukichagua cha kutengenezwa kiwandani, ongeza sahani ya almasi ya 300 au 400. Hiyo si ya kunolea wembe, itauchana. Ni ya kusawazishia. Chora miraba kwa penseli juu ya kinoo, sugua mpaka mistari yote ifutike. Fanya hivyo hata kwa kinoo kipya, maana vingi havitoki dukani vikiwa vimenyooka.

Nunua pia lenzi ndogo inayokuza mara 10 hadi 30, kabla hata ya kinoo cha kumalizia. Ugeuze wembe makali yakutazame, uweke chini ya taa, uzungushe polepole. Makali yaliyokutana hayarudishi mwanga, utaona mstari mweusi tu. Ukiona nukta inameta, weka alama mahali pake, urudi kwenye 1000.