Mtambo wa hewa nausifu, waliouweka hapana

Kila Julai kuta za chumba cha watoto hapa Karen, Nairobi, zilikuwa zinaota ukungu. Mwaka huu kuta ni kavu. Mtambo huvuta hewa yenye unyevu bafuni na jikoni na kuingiza safi vyumbani. Hizo mbili hupishana ndani bila kuchanganyika, joto likihamia kwa inayoingia, na unyevu wa inayotoka ukipoa hugeuka maji. Kazi safi kabisa.

Ila waliouweka walitutesa. Maji yalidondoka silingini, na usiku kucha tulisikia sauti ya kububujika. Fundi mwingine alipanda darini na tochi, akakuta paipu ya kutoa maji hayo mtamboni haina kona ya U ya kushika maji, basi feni ikawa inavuta hewa kupitia humo na maji hayashuki. Akaiweka, akaipa paipu mteremko, akayavika mabomba ya hewa yaliyo chini ya mabati sufi ya kuzuia baridi. Kisha akapima chumba kwa chumba mpaka jumla ya hewa inayoingia ikalingana na inayotoka. Jamani, upimaji huo udai ufanywe ukiona, kabla hujalipa! Machujio tunayasafisha wenyewe, maana vumbi la murram huyaziba upesi.