Helmeti ya baiskeli ya elfu 45 Kariakoo, inafaa au tunapigwa?

Wadau mnaoniuliza hii helmeti nyeusi nimeitoa wapi, ni Kariakoo kwenye maduka ya spea za baiskeli. Jamaa alianzia elfu 60 tukashushana mpaka 45. Brandi haina maana yoyote, mchina tu, ila ndani ina stika ya EN 1078 ambacho ndo kiwango cha Ulaya cha helmeti za baiskeli. Sasa stika yeyote anaweza kubandika kwahiyo usiishie hapo, chungulia ndani uone kama kuna lile povu gumu jeupe kama la kwenye boksi la tivii, maana zipo zinazouzwa elfu 20 ni plastiki tupu na sponji, hiyo ni kofia ya mapambo.

Nilichoipendea ni matundu. Joto la Dar tunalijua, wale wanaovaa helmeti za bodaboda kwenye baiskeli sijui wanawezaje, hii upepo unapita kabisa na visponji vya ndani unabandua unafua. Nisichokipenda ni kile kisukanio cha nyuma cha kukaza, ukipita barabara ya vumbi yenye makorongo kinalegea chenyewe halafu helmeti inaanza kukukalia kisogoni, na hapo haikusaidii kitu. Ikae flati, vidole viwili juu ya nyusi, mkanda wa kidevuni upitishe kidole kimoja au viwili tu. Dada zangu wenye rasta jaribuni dukani kabla ya kulipa, size M inagoma.

Mitumba je? Unaweza ukaokota helmeti nzuri ya brandi yenye jina kama Giro au Bell kwa bei ya kutupa, ila lile povu likishapiga chini mara moja limemaliza kazi, linaweza likawa na ufa ndani wakati juu inang'aa, na muuzaji hatakwambia (hajui hata yeye). Mimi siwezi.

Ila wengi wakishavaa wanajiona wamekingwa na kila kitu. Hicho kipimo cha EN 1078 wanaidondosha toka kama mita moja na nusu, inagonga chini kwa spidi ya km 20 kwa saa hivi, yaani ni kwa ajili ya kuanguka mwenyewe, sio ya kugongwa na Coaster iliyochelewa hesabu. Kwahiyo Bagamoyo road pale Mwenge helmeti sio mlinzi wako, mlinzi wako ni unavyokaa barabarani. Usijibane ukingoni kabisa kwenye mchanga na mifuniko ya chemba, kaa kama mita moja ndani wakuone, ukijibana ndo wanakuchomekea. Daladala ikisimama kushusha usipite kushoto kwake hata siku moja, mlango uko huko na watu wanashuka bila kuangalia, subiri nyuma au geuka uangalie vizuri ndo upite kulia. Malori nayo, kama huioni saitimira yake jua na yeye hakuoni.

Morogoro road kuna njia ya baiskeli pembeni ya mwendokasi toka Kimara, kwenye makaratasi ni raha, ukifika unakuta bodaboda zinakuja uso kwa uso, meza ya machungwa, mara gari limepaki, unatoka unaingia unatoka, na kule kutoka ndo hatari yenyewe kuliko ungebaki lamini. Ukitoka kazini usiku weka taa nyekundu nyuma, rifleksa peke yake haitoshi hasa mvua ikinyesha.

Naipa 3.5 kati ya 5, kile kisukanio kimeila pointi moja nzima. Kwa elfu 45 ningeinunua tena. Za watoto hawakuwa nazo, anayejua duka lenye size ndogo aseme na bei kabisa.