Mafundi wa chokaa waliolifunga upya jumba letu la Kisutu

Tetemeko la usiku wa 12 Agosti 2020, ambalo kitovu chake kilikuwa baharini kusini-mashariki mwa jiji na ukubwa wake takriban 6.0, liliwatoa nje wakazi wengi wa Dar es Salaam, na kwa walio wengi hofu iliishia hapo. Kwetu haikuishia. Katika jumba alilotuachia babu hapa Kisutu, lenye ghorofa moja na kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa, nyufa zilizokuwa nyembamba kama uzi kwenye pembe za madirisha ya juu zilipanuka hadi kuingia ncha ya kalamu, na ukuta wa mbele ukaanza kuachana na sakafu ya boriti.

Kampuni ya kwanza tuliyoiita iliziba nyufa kwa saruji, ikapiga lipu ngumu, ikapaka rangi ya mafuta na kuondoka siku ya nne. Masika iliyofuata lipu ilivimba, ikatoa unga mweupe wa chumvi na kubanduka, huku nyufa mpya zikijitokeza kando ya zile zilizozibwa. Nilikuja kuelewa sababu baadaye: matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, na saruji ikifunga njia hiyo, maji hubaki ukutani pamoja na chumvi yake, tena ufa uliojazwa kitu kigumu kuliko ukuta wenyewe huhamia kwenye jiwe dhaifu la jirani.

Mwaka 2022 tuliwapata mafundi ninaowaandikia tathmini hii, kikosi kidogo cha waashi wa Unguja kinachosimamiwa na mhandisi wa hapa jijini. Kilichonishangaza ni kwamba kwa wiki tatu hawakugusa mwiko. Walibandika vipande vyembamba vya kioo juu ya nyufa kwa jasi, ili kioo kikivunjika ijulikane kuwa ufa bado unatembea. Waliteremsha timazi kila pembe kuona kama kuta bado zimesimama wima. Waligonga kuta kwa nyundo ya mbao wakisikiliza mahali panapolia utupu, kwa kuwa kuta hizi zina nyuso mbili za mawe na katikati kifusi ambacho hushuka kadiri miaka inavyopita. Matokeo ya uchunguzi huo ndiyo yaliyonifanya niwaamini: vichwa vya boriti vilikuwa vimeoza ndani ya ukuta kwa sababu ya mfereji wa bati uliovuja miaka mingi, kwa hiyo tetemeko lilikuta jengo ambalo tayari lilikuwa limelegea.

Kazi yenyewe ilianza kwa kubandua saruji yote kwa patasi, polepole, jiwe lisije likang'oka nayo. Kisha wakajaza utupu wa kuta kwa uji wa chokaa kupitia mipira myembamba, wakianzia chini kwenda juu na bila kuusukuma kwa nguvu, wakapachika mawe marefu yanayoshika nyuso mbili za ukuta, na kubadilisha vichwa vya boriti vilivyooza. Mwisho wakapitisha fito za chuma kisichoshika kutu usawa wa sakafu, kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, na kuzikaza kwa sahani za chuma upande wa nje. Mhandisi alitueleza kwamba ukuta wa mawe hubeba vizuri uzito unaoshuka, lakini ukisukumwa kutoka ndani huanguka nje peke yake; ukifungwa na wenzake, jengo zima hutikisika kama sanduku moja.

Kaka yangu aliomba boriti ziondolewe na iwekwe sakafu ya zege, akiamini ndiyo imara zaidi. Walikataa, na nawashukuru kwa hilo. Walimwonyesha picha za mkoa wa Umbria nchini Italia baada ya matetemeko ya mwaka 1997, ambako nyumba za mawe zilizokuwa zimeongezewa sakafu na paa za zege ziliporomoka kwa sababu kuta dhaifu hazikuweza kuhimili uzito na ugumu ule zilipotikiswa.

Zipo kasoro. Tuliahidiwa miezi minne, kazi ikachukua saba, na kila nilipouliza, fundi mkuu alinijibu kwa upole, "Mwanangu, chokaa haiharakishwi." Hilo ni kweli, kwani chokaa hulowekwa kwa wiki kadhaa na kila tabaka husubiri la chini yake likauke, ila lilipaswa kusemwa kabla ya kusaini mkataba, maana wapangaji wetu wawili wa chini walihama. Gharama ilifika mara tatu ya ile ya kampuni ya kwanza. Ripoti yao nayo imeandikwa kihandisi mno, na ilibidi niombe siku nzima ya maelezo ili nijue sisi wenyewe tukague nini kila mwaka. Shangazi hazipendi zile sahani za chuma zinazoonekana kutoka barabarani, mimi nazipenda.

Masika mbili zimepita na vioo vyote viko vizima, isipokuwa kimoja katika chumba cha ngazi ambacho fedha zetu hazikukifikia. Nimeshawaita warudi kukifanya chumba hicho mvua zikikatika, na safari hii nimekubaliana nao idadi ya miezi kabla ya kugusia bei.